Mashine ya Kumfuata Mkwe

Orpah alipokuwa akiunganisha simu pale Posta ya Homa Bay, watu walisema sikio lake liliweza kumtofautisha mwenye msiba na mwenye harusi kwa jinsi tu alivyovuta pumzi kabla ya kusema haloo. Mwenyewe alidai zaidi. Alidai kulikuwa na mwaka ambao kiboko mmoja wa Kendu Bay alizoea kujikuna mgongo kwenye nguzo ya simu, na kila alipojikuna, waliokuwa wakizungumza na Kisumu walisikia mtu akikoroma katikati ya maneno yao. Mwalimu mmoja nusura amfukuze mkewe kwa sababu ya koromo hilo. Orpah ndiye aliyepanda basi kwenda kumtetea mama wa watu, akamweleza bwana kwamba anayekoroma si mwanamume, ni kiboko, tena hajalala, anajikuna. Ukimwuliza kama jambo hilo ni la kweli, naye anakuuliza: "Kwani wewe mwaka huo ulikuwa wapi?"

Lakini kufikia mwaka wa tisini na nane, Orpah akiwa amestaafu na tena mjane, hadithi zilikuwa zimemkauka kooni. Binti yake wa pekee, Benta, alikuwa amefariki kwa malaria wakati wa mvua za El Nino, barabara zilipokatika na gari la kumpeleka hospitali likabaki ng'ambo ya mto. Alizikwa Migori, katika boma la mume wake, kama desturi inavyotaka. Na hapo kwenye desturi ndipo palipokuwa na fundo.

Mume huyo aliitwa Motari, Mkisii, mtu wa Sabato, mwenye ofisi ndogo ya kuchapa barua na kutuma faksi mjini Migori. Kwa Wakisii, na kwa Wajaluo vilevile, mama mkwe na mume wa binti yake ni watu wa kuheshimiana kwa mbali. Hawapeani mikono. Hawali meza moja. Mama mkwe hazururi katika boma la mkwe; anaingia kwa mwaliko, na kwa mpango. Mkwe naye akimwona mama mkwe anakuja njiani, anatoka njiani akasimame kwenye nyasi mpaka mama apite. Benta alipokuwa hai, salamu zote zilipitia kwake. Sasa kaburi lilikuwa upande mmoja, mama upande mwingine, na katikati mwanamume asiyesema. Hakukuwa hata na mtoto wa kuwatumia kama kisingizio.

Kwa simu walijaribu.

"Habari yako, mkwe."

"Nzuri, mama."

"Unakula?"

"Nakula, mama."

Kisha kimya, mpaka mmoja aombe ruhusa ya kukata. Orpah aliisikiliza pumzi yake kila mara, na hakuipenda. Ilikuwa pumzi ya mtu anayefunga mizigo.

Bathsheba, jirani wa Motari, ndiye aliyempigia siku moja akaitoa habari yote bila kuifunika. "Mama Benta, huyu mtu wako anaisha. Akifunga ofisi anaingia ndani, anafunga dirisha, anacheza magari kwa kompyuta. Magari tu! Vijana wa hapa wamejaribu kushindana naye, hakuna anayemwona hata vumbi. Lakini ukimsalimia ni kama unasalimia ukuta. Na kuna mtu wa Isebania amekuja kuangalia boma. Anataka kuuza, ahame."

"Auze na mtoto wangu ndani?"

"Hapo sasa."

Orpah alikaa na simu mkononi hata baada ya Bathsheba kukata. Mkwe akihama, yeye Orpah atakuwa amempoteza Benta mara ya pili, na Motari juu yake. Kumwendea hawezi. Kumwita hawezi. Kumbe mwanamume mwenyewe yumo ndani ya magari. Basi, akasema peke yake, kama mtu amejificha ndani ya magari, atafuatwa humohumo.

Asubuhi alikuwa dukani kwa Hadiya. Hadiya, mama wa Kisomali aliyehamia kutoka Garissa, mbele ya duka aliuza redio na pasi za umeme. Nyuma ya pazia aliunganisha kompyuta. Mashine za kiwandani zilikuwa za mameneja. Mtu wa kawaida alinunua vipande, akaunganishiwa.

"Nataka kompyuta ya kucheza magari," Orpah alisema.

"Ya mjukuu, mama?"

"Sina mjukuu. Ya kwangu."

Hadiya aliweka chini pasi aliyokuwa akiifuta. Akamtazama mgeni wake kuanzia kitambaa cha kichwani hadi viatu vya raba. "Leo nimeamkia upande gani?" akauliza, akavuta kiti.

Orpah alimweleza yote, kwa kuwa mtu mgeni wa desturi ni rahisi kumweleza desturi. Hadiya alisikiliza, akaingia nyuma ya pazia, akarudi na kasha la mchezo wenyewe, akamwonyesha maandishi mgongoni. "Soma hapa. Watu wawili wanaweza kucheza, kila mtu na mashine yake kwake, wakiunganishwa na laini ya simu."

Orpah alisoma mara mbili. Laini ya simu! Ni kama mtu aliyepotea msituni akasikia ng'ombe wa kwao akilia.

"Nipe hiyo mashine."

"Pole pole, mama. Haiko moja, iko vipande, na pesa yako nione ukubwa wake kwanza."

Pesa zake zilikuwa za katikati: nyingi za kumfanya maskini ageuke, chache za kumfanya tajiri aitike salamu. Kwa hiyo ilibidi kuchagua. Hadiya alitandika vipande juu ya meza, akaanza kuvieleza kwa lugha ya jikoni, kwa sababu nyingine ingechukua wiki nzima.

"Hii prosesa ndiyo moto. Hii ramu ni meza ya kukatia mboga. Ikiwa ndogo, mpishi hodari atahangaika tu. Hadi diski ni ghala. Hii bodi ni jiko lenyewe, vyote vinakaa hapo. Na hii," akainua kadi moja kwa ncha za vidole kama anayeinua kifaranga, "ni kadi ya picha. Hii ni sahani. Chakula ni kilekile, lakini mgeni anakula kwa macho kwanza. Ukiweka hii, utaona jua likimetameta kwenye bonati ya gari."

"Na modemu?"

"Modemu ni mlango tu, mama."

"Basi mimi nataka mlango mzuri. Sahani hata ya bati."

"Aa-aa!" Hadiya alicheka. "Ukiweka ya bati kabisa, gari litaruka kama panzi. Unabonyeza kulia leo, linakwenda kulia kesho. Mkwe wako atakuhurumia."

"Asinihurumie. Huruma anayo ya kutosha."

Walibishana mpaka chai ikaletwa, ikanywewa, ikaletwa nyingine. Orpah alitaka usukani wa plastiki uliokuwa umening'inizwa ukutani; Hadiya alimwambia usukani ule utakula nusu ya pesa za ramu, na vidole vilivyounganisha simu maisha yote vinatosha kubonyeza vishale vya kibodi. Hadiya alitaka spika kubwa. Orpah akasema kelele amezisikia za kumtosha. Monita walikubaliana bila vita iwe pana, kwa sababu ya macho. Prosesa ikawa ya katikati, kadi ya picha ya katikati, isiyo na jua la kumetameta lakini yenye barabara inayoonekana. Kasha likawa la mkono wa pili, lenye mkwaruzo kama kovu la panga. Kilichopungua huko kikaongezwa kwenye ramu. Orpah alikuwa ameipuuza ramu, Hadiya akakataa kumuuzia mashine yenye meza ndogo, na baadaye Orpah alikubali kwamba hapo mama yule alimwokoa.

Ugomvi wa mwisho ulikuwa wa modemu yenyewe. Kulikuwa na mpya, ya haraka. "Hiyo kwa laini ya Migori itakimbia na kujikwaa, ikimbie na kujikwaa," Orpah alisema. "Nipe yenye subira." Hadiya akafikiri kidogo, akamtolea ya zamani yenye taa nyekundu usoni, ya kukaa nje ya kasha. "Hata mimi ningechukua hii," akasema, "lakini nimezoea kuuza ile."

Hadiya alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Orpah kuviunganisha vipande, akigusa chuma cha dirisha kabla ya kushika kila kadi ili umeme wa mwilini usiiunguze. Mashine ilipowaka, feni ikaanza kunguruma kama mtu anayekubali jambo shingo upande. Orpah akapiga simu Migori.

"Motari, pale ofisini una modemu?"

"Iko, mama. Ile ya faksi. Naweza kuibeba nyumbani."

"Basi Jumapili jioni ibebe, fungua ule mchezo wako wa magari, ngoja nikupigie."

"Mama... magari?"

"Usiulize. Mkwe haulizi."

Jumapili, jua likiwa bado juu ya ziwa, modemu mbili zilianza kupigiana kelele kama paka wawili waliofungiwa kwenye debe. Orpah alitega sikio kwa mazoea. Alikuwa amesahau jambo moja: ndani ya kelele ile hakukuwa na pumzi ya mtu. Kisha skrini ikafunguka, na kando ya gari lake la manjano likatokea gari jekundu, limesimama wima, adabu tupu.

Wakaanza. Orpah aliacha barabara mara hiyohiyo, akaingia kwenye ua wa watu, akatoka na upande usiofaa. Alipofanikiwa kurudi barabarani alitarajia kuona gari jekundu limekwisha kutoweka mbele. Lilikuwa nyuma. Alikwenda kama konokono, likaja kama konokono. Aligonga mti, likamngoja. Alimaliza wa kwanza. Mashine ikampigia tarumbeta, nyota zikaanguka skrini nzima.

Jumapili iliyofuata vivyo hivyo, na ile iliyofuata hiyo. Kila mara Orpah bingwa, kila mara gari jekundu nyuma kama kondoo wa mwisho. Mwisho aliing'oa modemu, akaifunga kwa leso, akampelekea Hadiya.

"Umenipa mlango mbovu," alisema, akiuweka mzigo juu ya meza. "Mtu anayewashinda vijana wote wa Migori, akicheza na mimi gari lake linakuwa la ng'ombe. Mashine yangu inamvuta nyuma."

Hadiya alifungua leso, akaichomeka modemu kwenye laini ya duka, akaipima kwa kumpigia fundi mmoja wa Kisumu. Taa zikacheza zote. "Haina kosa, mama. Ingekuwa laini inavuta, lingeruka-ruka. Linaruka?"

"Haliruki. Linakuja polepole, lakini sawasawa. Nikisimama, linasimama."

"Basi si modemu. Ni dereva." Hadiya alianza kuifunga tena kwenye leso. "Mama, wewe uliniambia mkwe akikuona njiani anatoka njiani. Mimi si mtu wa huku, nisamehe nikikosea. Lakini mtu kama huyo, unataka akupigie honi?"

Orpah alijipiga kofi pajani. Mjaluo mzima, aliyepokea posa na mahari, kukumbushwa ukwe na mama wa Garissa!

"Wewe," alisema, "siku nyingine usiniuzie kitu. Uniuzie akili tu."

Jumapili hiyo Orpah hakukimbia. Aliendesha taratibu mpaka kwenye daraja, pale barabara ya mchezo inapobana, akaligeuza gari la manjano upande, akasimama. Aliacha nafasi ya gari moja kupita, si zaidi. Gari jekundu likaja, likasimama nyuma yake, mbali kidogo, kama mtu aliyekuta mlango wa watu uko wazi.

Chini ya skrini palikuwa na mahali pa kuandikia. Hadiya alikuwa amemwonyesha. Orpah akaandika: "Pita."

Jibu lilikawia. "Mama gari limeharibika?"

"Gari zima. Nimechoka kushinda. Pita."

"Siwezi mama."

"Kwa sababu ya ukwe? Hapa hatupeani mkono. Hatuli pamoja. Mimi niko Homa Bay, wewe Migori. Unataka heshima gani zaidi, tuongeze na ziwa katikati?"

Taa za modemu zilipepesa. Orpah alijikuta ameinamisha sikio karibu na kile kikasha, akitafuta pumzi, akasikia feni tu. Kisha herufi zikaanza kuja moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Si hiyo peke yake."

"Sema."

"Benta alikuwa anacheza na mimi. Mashine hii moja, skrini tunagawana. Nikikaribia kushinda ananiziba macho na mkono."

Orpah alicheka kabla hajajua kama anacheka au anafanya jambo lingine. Ndiye huyo, Benta mwenyewe. Kwenye bao alikuwa akimeza kete.

Herufi ziliendelea. "Siku hizi nikicheza naweka na gari lake. Linabaki pale mwanzo. Mimi nazunguka, nikirudi nalikuta."

"Kila siku?"

"Kila jioni. Isipokuwa Sabato."

Na baada ya muda: "Nikikupita mama utabaki nyuma. Nitazunguka nikukute umesimama. Sitaweza."

Orpah alikaa akiangalia gari jekundu dogo kwenye kioo cha nyuma. Miezi yote hii alidhani mwanamume huyu amemfungia dirisha. Kumbe alikuwa akizunguka ndani, akizunguka, ili tu arudi alikute gari moja lililosimama.

"Na yule wa Isebania?" aliandika.

"Anakuja Jumatano. Mama siwezi kukaa nikiangalia pale peke yangu. Hata kaburi sasa limepandwa na maboga. Nang'oa, yanarudi."

"Nani alikwambia ung'oe?" Vidole vya Orpah vilianza kukimbia, makosa na yote. "Hayo ni maboga yangu. Mbegu Benta alitoka nazo kwangu, akazimwaga bomani kwako kama anayelisha kuku. Usiguse shina. Chuma majani machanga, yafunge, yatume kwa gari la asubuhi. Nitapika. Wewe chemsha yako huko. Hakuna desturi inayokataza kula mboga moja katika nyumba mbili."

Likaja neno moja: "Ndiyo."

"Jumatano nani atachuma?"

Safari hii hakukawia. "Nitamwambia huyo mtu asije."

Orpah alifuta macho kwa mkono wa gauni, akasogea karibu na skrini. "Sasa nisikilize. Lile gari la pale mwanzo halina dereva, Motari. Mimi nililia, wewe ulilia, halina. Hili lina mama mzee mkorofi ndani. Pita uone kama litabaki."

Gari jekundu halikusogea. Kisha likasogea, inchi kwa inchi, likaja ubavuni mwa gari la manjano. Nafasi ilikuwa ndogo. Likamkwaruza ubavu mzima, cheche zikaruka.

"Samahani mama," yakatokea maandishi.

"Samahani ya nini? Piga moto!"

Likapiga moto. Ndipo Orpah alipoona kwa nini vijana wa Migori hawakuwahi kuliona hata vumbi: lilikata kona ya kwanza kwa upande, likapanda mlima, likawa doa. Orpah alikanyaga kwa vidole vyote alivyokuwa navyo. Aliingia kwenye uzio, akatoka na uzio. Aligonga kibanda. Alipotea, akarudi barabarani akiwa ameelekea alikotoka, akajilaani kwa Kijaluo, akageuza.

"Uko wapi mama?"

"Nakuja!"

Mbele, mbali, taa za nyuma za gari jekundu zilionekana kidogo mlimani. Hazikusimama kumngoja. Orpah alifurahi kwamba hazikusimama, akabonyeza kishale cha mbele mpaka kidole kikawa cheupe, akalifuata.